Mpiga Pasi Aliyeuona Mshipa Wake

Mama Mvuke alipewa jina hilo na wenzake pale kwa dobi, maana ukimtafuta ulikuta mvuke kwanza, yeye baadaye. Mashuka ya hoteli yalimfikia yamejikunja kama uso wa mtoto aliyetoka kulia, yakaondoka yametulia. Mkono ulienda na kurudi, akili ikiwa imetoka kutembea. Ndiyo maana moyo ulipoanza kuchoka hakuutambua. Aliishiwa pumzi, akalaumu joto. Siku viatu vilipoikataa miguu iliyovimba, mumewe akamshika mkono wakaenda hospitali.

Alipewa dawa, akawa anazimeza akikumbuka. Baada ya miezi kadhaa daktari akamwomba ajiunge na majaribio.

"Mwili ukikosa wanga, ini huyavunja mafuta likatengeneza ketoni," alieleza. "Moyo uliochoka huzichoma kwa urahisi. Tutakupa za kunywa, tutazame mishipa yako ya damu itafanyaje."

"Na akizidiwa?" mumewe aliuliza.

"Tutakuwa naye hapo hapo. Na dawa zake haachi."

Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kinywaji kile, kwa uchungu wake, kingemrudisha mbio. Mama Mvuke alikimeza amefumba macho, akalazwa katika chumba chenye mwanga hafifu, mapazia yamefungwa. Binti wa kupiga picha za mishipa akamfunga mkanda mkononi, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akaulegeza na kuegemeza kifaa chake upande wa ndani wa kiwiko.

"Shangazi, tazama."

Kwenye kioo cha mashine, njia nyeusi ilikuwa ikipanuka polepole, kama shuka linaloingiwa na upepo kambani. Mama Mvuke alihisi kitanda kimemwachia, anaelea.

"Ndiyo mimi hiyo?"

"Ndiyo wewe. Tulipokupima kabla ya kunywa, mshipa ulifunguka kidogo tu."

Mumewe aliinama, akanusa pumzi yake. "Mke wangu, unanukia matunda yaliyoiva kupita kiasi."

"Basi usinile," alijibu, macho hayajabanduka kwenye kioo.

Jioni mshipa ulikuwa umerudia hali yake. Daktari hakumficha: hawakujua bado kama faida ile ingedumu. "Wala usiende nyumbani ukajinyima chakula kwa kichwa chako," alimwonya. "Wengine wakifanya hivyo, mafuta mabaya hupanda kwenye damu, yakaiziba mishipa hiyo hiyo."

Mama Mvuke alitoka kama aliyeamshwa katikati ya ndoto tamu. Lakini tangu hapo hakuruka dawa hata mara moja. Kiumbe umeshakiona kikijinyoosha ndani yako, utakionea vipi? Alimwomba bosi kiti. Bosi alinuna wiki nzima, akakileta mwenyewe. Sasa anapiga pasi foronya akiwa ameketi. Mashuka amewaachia wenye vifua vyao.

Mara nyingine mkono mmoja husimama, mwingine ukapapasa upande wa ndani wa kiwiko, taratibu.

"Mama Mvuke, unaunguza," jirani yake humwambia.

Naye huinua pasi.