Kidude Kilichobaki Chini

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. Hapana, nimekosea, mvua zilikuwa mwaka uliotangulia. Huu ni ule ambao hospitali ilipakwa rangi ya kijani, harufu ikawaumiza watu vichwa. Ndio mwaka Bwana Usawa alipoacha kusalimiana na wenzake kazini.

Alikuwa muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, mtu mzima, mpole kupita kiasi. Jina hilo walimpa kwa kumtania. Mgonjwa aliyezidiwa huingizwa sindano kwenye mshipa wa mkono, na kutoka hapo mrija wa maji hufika kwenye kidude cha plastiki, kidogo kama kiberiti. Hicho ndicho kinachoiambia skrini presha. Sharti kikae usawa wa moyo. Kikiwa chini yake, skrini hutaja presha kubwa kuliko iliyopo. Basi kila apitapo: "Usawa, jamani. Usawa wa moyo." Hata akimiminiwa chai wanamwuliza, "Bwana Usawa, kikombe kiko sawa na moyo?"

Vishikio vya vitandani vilivunjika zamani, vidude vikafungwa kwa plasta kwenye nguzo za dripu. Na humo mlikuwa na desturi: saa ya kuona wagonjwa ikikaribia, vitanda vyote hupandishwa na migongo ikainuliwa, ili ndugu wawakute watu wao wamekaa kama watu. Kitanda kinapanda, nguzo haipandi. Ndugu wakitoka tu, daktari huyo, anaanza kupita kitanda kwa kitanda.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala shemeji yake Usawa, mdogo wa mkewe, kinyozi, ambaye usaha wa tumboni ulikuwa umemwingia kwenye damu. Presha yake ilishikiliwa isishuke na dawa ya dripu. Siku moja, saa ya kuona wagonjwa, Usawa alikuwa ameitwa stoo kupokea mitungi ya oksijeni. Aliporudi alikuta dawa imepunguzwa, mikono ya shemeji imepoa kama chuma cha kitanda, mfuko wa mkojo mtupu. Akakiinua kidude. Namba zikaporomoka.

"Nani kapunguza dawa?"

"Mimi," alisema daktari. "Presha ilikuwa nzuri."

"Presha ya nguzo hiyo, daktari. Siyo ya mtu."

"Mzee wangu, hilo la usawa kila mtu analijua."

"Ndilo linaloniuma. Ungekuwa hulijui, ningekufundisha."

Muuguzi mkuu akaja mbio. "Punguza sauti, baba, kuna wagonjwa."

"Leo ndiyo mmekumbuka kuna wagonjwa?"

Dawa ikarudishwa, roho ya shemeji ikabaki, lakini figo zilishakwenda na maji. Tangu hapo anaishi kwa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Nyumbani mke alisema neno moja tu, "Na wewe ulikuwa humo humo, baba watoto."

Kikaitwa kikao. Daktari akawatupia wauguzi, wauguzi wakawatupia wahudumu, wahudumu wakasema wao wameagizwa vitanda, vidude hawavijui. Mganga mkuu akaahidi skrini mpya.

"Skrini ya nini?" Usawa alisimama na roli ya plasta mkononi. "Kidude kifungwe kwenye mkono wa mgonjwa, karibu na bega, kitanda kikipanda kipande nacho. Plasta hii hapa."

Akamalizia na swali moja. Wakasema litaangaliwa. Zamu yake alivifunga vidude mikononi mwa wagonjwa. Akiondoka, vinarudi nguzoni. Ndipo alipoacha salamu. Mtu anakwambia hujambo, na nyuma yake kitanda kinapanda.

Shemeji, siku akiwa na nguvu, bado humnyoa Usawa. "Tuliza kichwa, shemeji, leo wembe uko usawa wa moyo." Kinyozi hucheka peke yake.

Siku ya kustaafu walimwekea kiti mbele, wakamsifu upole wake, wakamwuliza kama ana neno. Alikuwa nalo, lile lile alilowauliza mwisho wa kikao. Akawauliza tena, wakapiga makofi, na hadi leo hajajibiwa: kitanda kikipandishwa, kidude anakipandisha nani?