Theluji Kwenye Avenyu Yetu

Ile redio niliigundua katikati ya somo la kemia, simu ikiwa imelala ndani ya daftari. Haikuwa na mnara wala matangazo ya sabuni. Ilipatikana kwenye intaneti tu. Mtangazaji wake, mwanamke, alisema Kifaransa cha puani, na kila baada ya wimbo alituambia theluji imefika dirishani kwake. Ulaya kabisa!

Nikampelekea Kambo, yaani nyanya yangu. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania nyanya yake, hata kumwita mke, na ruhusa hiyo mimi naitumia bila huruma.

"Muke wangu, nimekuletea Bulaya mu simu."

Aliposikia magitaa ya ujana wake aliacha kuchambua maharagwe, mabega yakaanza kucheza yenyewe. Tangu hapo, kila alasiri mega zangu za intaneti zilikuwa zake.

Shida moja: redio ilikatika ovyo. Wimbo unanoga, mara kimya. Mimi nililaumu simu, nikalaumu mtandao, nikamlaumu hata mwalimu wa kemia. Kambo akaitazama balbu iliyozimika juu yetu, kisha akanitazama mimi.

"Bwana yangu, weye unasomaka. Kuran ya Bulaya inatokaka Koni?"

Kweli! Koni ndilo bwawa linaloleta kuran, yaani umeme, mjini kwetu Likasi. Kila umeme ulipotukatikia, mama wa theluji naye alinyamaza. Ukirudi, anarudi, akiomba radhi kwa dhoruba. Siku moja akasema kukatika huku kunamfukuzia wasikilizaji. Mambo yakiendelea hivyo, mwisho wa mwezi atafunga redio. Kambo akashika kifua kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Tumutafute," akasema.

Mpango ulikuwa wake, aibu ilikuwa yangu. Nizunguke mtaani nikipiga sufuria kwa mwiko; yeye abaki nyumbani na redio. Akiisikia sufuria ndani ya redio, ananibipu kwa simu yake ya tochi.

Nikapiga. Mbwa wakanifuata. Mama muuza makaa akauliza, "Weye mutoto, nani amekufa?"

"Theluji, mama!"

"Kichwa yako njo imekufa."

Kwenye avenyu ya nyuma ya soko simu ikalia: bipu! Lakini sauti ya intaneti huchelewa kidogo, kwa hiyo nikarudi nilikotoka, nikipiga mbele ya kila lango, mpaka moja likafunguka kwa hasira.

"Acha makelele! Niko hewani!"

Alikuwa dada anayetutolea fotokopi mbele ya shule. Jasho lilimtiririka. Nyuma yake magodoro yalisimama ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta kuukuu ilikuwa mezani, na dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto.

"Yaya," nikasema, kama tunavyowaita dada wakubwa, "theluji imeyeyuka?"

Hakucheka. Alinishika mkono. "Tafazali, usiambie batu. Bakijua niko hapa nyuma ya soko, nani atanisikiliza?"

Siri hiyo niliitunza kwa uaminifu mkubwa, mpaka nilipofika nyumbani.

Kambo alikwenda mwenyewe, mimi nikisukuma toroli. Ndani yake kulikuwa na betri ya lori pamoja na paneli yake ya jua, vile vinavyowasha televisheni yake umeme ukienda.

"Na filamu yako, muke wangu?"

"Itaningoja."

Akamwambia yule dada, "Chukua, mwanangu. Lakini baridi ya bongo, ile ya kudanganya, sasa basi. Usemeke sawa batu ba hapa."

Dada alitetemeka kuliko siku zote za theluji yake.

Alasiri iliyofuata umeme ukakatika, kama kawaida. Balbu ikafa. Kambo akanifinya mkono. Simu ikaendelea kuimba! Halafu ikaja sauti, safari hii haipiti puani: "Minye niko Likasi. Kuran imeenda. Redio imebakia."

Akangoja ujumbe wa wasikilizaji. Nasi tukangoja. Kambo akaisogeza simu karibu na sikio.

Kisha tukamsikia anacheka. Msikilizaji wa Kambove, mji jirani, alimwandikia kwamba sasa anamwelewa vizuri. Wa Kapolowe aliuliza alikuwa akijificha nini. Na mmoja aliye Ulaya kweli, mwenye theluji ya kweli dirishani, alikuwa na ombi moja tu: ile sufuria ya juzi ipigwe tena, maana ilimkumbusha nyumbani.

Sufuria ilikuwa jikoni, imejaa maharagwe. Kambo aliyamwaga kwenye bakuli bila hata kufikiri, akanipa mwiko.

"Bwana yangu, kimbia!"