Baba Mkwe Alipokuja Tamashani

Kama umewahi kula wali wa Agness, pale kibandani kwake Makandana, mjini Tukuyu, karibu na njia ya hospitali, basi unajua kwamba yule mama hawezi kukuwekea sahani mbele yako bila kukuchekesha. Anaiga watu. Anamwiga daktari mwenye haraka, anamwiga mchungaji akitafuta miwani aliyoivaa, anamwiga hata mumewe, Yona, anavyokoroma. Yona mwenyewe hucheka. Kipaji anacho, hilo hatumnyimi, ila kipaji kina tabia ya kumlevya mwenye nacho.

Kila mwaka Tukuyu huwa na tamasha la makabila. Mji umejaa walimu, wauguzi na maofisa waliohamishiwa kutoka kila pembe ya nchi, na siku hiyo kila mmoja hukumbuka kwao. Wasukuma huja na ngoma ya nyoka, Wahaya huja na senene, Wamakonde na sindimba, na ubishi wa nani kapigiwa makofi zaidi huchukua wiki kadhaa kupoa. Wanyakyusa ndio wenyeji, na mwenyeji hapendi kushindwa nyumbani kwake. Kwa hiyo Mwalimu Emiliani, Mmatengo wa Mbinga aliyekuwa akiandaa tamasha, alipomwomba Agness atafute kitu cha kuchekesha zaidi ya ngoma, mama wa watu hakungoja kubembelezwa.

Alichagua mila ya mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamke huchepukia migombani na mzee hugeukia upande wa pili. Hawali pamoja, hawasemezani. Vijana wengi wa mjini wameshaiacha mila hiyo, lakini Agness aliolewa kijijini Masoko, na mkwe wake, Mzee Andongwisye, ni mtu wa zamani hasa. Tangu alipoingia pale akiwa binti mbichi mpaka leo ana wajukuu, Agness hakuwahi kumtazama yule mzee usoni, wala mzee hakuwahi kumtazama yeye. Walipokuwa wakiishi ua mmoja, mzee alikuwa anakohoa tangu mbali ili mkamwana apate muda wa kujificha. Siku moja mvua ilimkuta uani, na kwa kuwa Agness alikuwa ndani na mlango ulikuwa mmoja, mzee akaenda kusimama chini ya mgomba mpaka ikaisha. Na mvua ya Rungwe haina haraka ya kuisha. Agness hakuisahau heshima ile. Hata baada ya kuhamia Makandana, kila Jumapili alimpikia mzee chakula na kukituma Masoko kwa bodaboda, na vyombo vilirudi vitupu, vimeoshwa.

Hayo yote ndiyo aliyoyageuza mchezo. Amoni, fundi cherehani, alipewa nafasi ya baba mkwe, lakini Agness akasema hajui kukohoa, akamfundisha. Kikohozi kilikuwa cha Mzee Andongwisye. Kuchechemea kulikuwa kwa Mzee Andongwisye. Hata kisa cha mvua kilikuwamo, Amoni akiwa ameshika jani la mgomba huku akimwagiwa maji ya ndoo. Anyosisye, wifi yake anayemtunza mzee kule Masoko, alimwambia kwa upole kwamba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Agness akamjibu kwamba mzee hajawahi kukanyaga tamashani, atajuaje?

Siku ilipofika uwanja ulifurika. Agness alijificha nyuma ya ungo, akachungulia, akajifunika kanga, akazunguka jukwaa akikimbia kwa magoti, na kadiri watu walivyocheka ndivyo alivyozidi kutia chumvi. Mwishoni aliutupa ungo, akamsogelea Amoni mpaka pua zikakaribia kugusana, akamtolea ulimi. Watu wakavunjika mbavu. Akawageukia ili awatolee na wao, ndipo akamwona Anyosisye mstari wa mbele, hacheki. Kando yake aliketi mzee mwenye koti kuukuu, anamtazama Agness. Uso ule hakuujua. Angeujuaje?

Mzee alivua kofia yake, akajiziba nayo uso, akainuka na kuondoka akichechemea. Waliomwona walidhani ni sehemu ya mchezo, wakampigia makofi mpaka akatoka uwanjani.

Agness hakumbuki alishukaje jukwaani. Anachokumbuka ni kwamba Mwalimu Emiliani alimpa mkono wa pongezi na yeye hakuwa na uso wa kumtazama. Yona hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Jumapili alipika kama kawaida, na vyombo vilirudi vimejaa, havijafunguliwa.

Kesho yake akafunga kibanda, akaenda Masoko mwenyewe. Njia nzima aliona aibu hata mbele ya watu wasiomjua, na iliyomsumbua zaidi ilikuwa mila yenyewe: utamwombaje radhi mtu usiyeruhusiwa kusema naye? Ilibidi asimame nyuma ya ukuta wa jiko. Mzee aliketi upande wa pili, amewapa mgongo, na Anyosisye akasimama pembeni ili afikishe maneno ya huku kule, ingawa wote walikuwa wanasikiana.

"Mwambie baba nimekosa," Agness alisema. "Mwambie sikujua kama atakuwapo."

Alipojisikia akiyasema hayo alitamani ayarudishe kinywani. Yalikuwa maneno ya mtu anayejutia kuonekana. Anyosisye alimtazama, kisha akayapeleka hivyo hivyo yalivyo.

Mzee alijibu kwa Kinyakyusa, polepole.

"Mwambie miaka yote hii nimekula chakula chake, sijui sura ya anayekipika. Nimezeeka. Nikakuomba wewe mwanangu unipeleke kule, nikasema kwenye watu wengi hivyo haitakuwa dhambi, nimwone mara moja tu kabla sijafa. Basi nimemwona. Ametoa ulimi."

Anyosisye alimgeukia wifi yake, kama desturi inavyotaka, aanze kumweleza neno kwa neno. Agness alikuwa ameshayasikia yote, lakini alisimama pale pale, akayasikiliza mara ya pili.