Mngazija Katika Shamba la Vanila

Mama mkwe wangu alizaliwa Ngazija, kisiwa kidogo kilichojengwa na moto wa mlima. Baba mkwe, muuza vitambaa, alimwoa huko akamleta Mbeya angali msichana. Nilipoolewa na mwanawe tukaishi naye mtaa wa Soweto, hapo hapo Mbeya, nyumba moja na jiko moja, na kisiwa chake nikakijulia jikoni.

Mimi ni Mnyakyusa wa Kyela. Kwetu ukichimba shimo la nguzo unakuta maji. Kwa hiyo aliponiambia kwamba kwao mvua hunyesha kwelikweli lakini hakuna mto hata mmoja, nilicheka.

"Sasa Mama, mvua yote hiyo inakwenda wapi?"

"Inanywewa na jiwe, mwanangu. Jiwe letu jeusi, lina matundumatundu. Sisi tulikinga maji ya paa kwenye birika la saruji, basi ndiyo ya kunywa na ndiyo ya kuoga."

Alinisimulia jinsi moto ulivyowahi kushuka kutoka mlima Karthala mpaka baharini, ukapoa, ukabaki kama barabara nyeusi katikati ya mashamba. Alinisimulia wanawake waliojipaka liwa usoni, na ile ndoa kubwa ambayo mwanamume asipoifanya, hata awe na mvi, hana kauli mbele ya wazee wa mji. Nilimsikiliza kwa adabu. Kuamini, niliamini nusu.

Mwaka juzi kaka yangu alipiga simu kutoka Kyela. Yeye na majirani walikuwa wamepanda vanila chini ya mikakao. Mwaka wa tatu ilichanua vizuri, ila haikuzaa.

"Ua linafunguka asubuhi, kesho yake liko chini," alisema. "Tumechoka. Tunang'oa."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama mkwe akaacha kuchambua mchele. "Nani anayaozesha hayo maua?"

"Kwani maua nayo huozwa?" kaka akauliza.

"Mwambie asing'oe," akaniambia. "Nipeleke."

Mume wangu alihofia magoti ya mama yake, lakini nani angemzuia? Basi lilipopita chini ya Rungwe, mama mkwe aliutazama mlima wetu dirishani, akasema, "Huu wenu umelala fofofo."

Asubuhi ya pili tulikuwa shambani, jua bado changa. Majirani walikuja kutazama. Mama mmoja mzee aliuliza kwa Kinyakyusa kama huyu bibi wa mjini amewahi kushika jembe. Watu wakacheka. Sikumtafsiria.

Mama mkwe aliomba mwiba wa mlimau. Akasema bismillah, akashika ua la kwanza, likachanika mkononi mwake. La pili pia. Watu wakaanza kutazama pembeni, na mimi nikamwonea haya, Mungu anisamehe.

"Macho yamechoka," alisema bila kuinua kichwa. "Njoo, mwanangu. Wewe uone, mimi nitende."

Nikalishika ua, nikamwelekeza ncha ya mwiba. Akalipasua taratibu, akakiinua kile kifuniko kidogo kinachotenganisha dume na jike ndani ya ua, kisha akabonyeza kwa kidole gumba. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

"Tayari. Huyu ameolewa."

Tukaenda hivyo, mti kwa mti. Alinieleza kwamba utotoni alifanya kazi hii na mama yake kila asubuhi kabla ya shule, maana ua la vanila likifika adhuhuri linajifunga na halifunguki tena. Siku moja mlima uliunguruma mpaka majani yakatikisika. Yeye alitaka kukimbia. Mama yake akamwambia, "Mlima utatungoja. Ua halingoji." Wakaendelea.

Kesho yake kaka alitangulia shambani. Tulimsikia akipiga kelele kabla hatujamwona. Maua ambayo hatukuyagusa yalikuwa chini. Yetu yote yalikuwa yameshikilia.

Nilimkumbatia mama mkwe pale pale, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Yule mama mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, "Ndaga fijo." Hilo nalo sikulitafsiri, lilieleweka.

Wanawake wakaja na miiba yao. Yule mzee ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, na mama mkwe akamweka kusimamia upande wa mtoni. Baada ya wiki kadhaa maganda ya kijani yalining'inia kwenye kila shina, marefu kama vidole, na waliokuwa wameshang'oa vanila yao wakaja kuomba marando ya kupanda upya.

Tulipoondoka Mbeya tulikuwa tumeaga kwamba tunakwenda kwa siku tatu tu. Mwezi ulipokaribia kwisha, mume wangu alipiga simu kuuliza mama yake anarudi lini. Mama mkwe alininyang'anya simu.

"Mwanangu, nina kazi," alisema. "Maua bado yanafunguka." Akakata, akanivika simu shingoni kwa kamba yake, akaingia shambani.