Mzee Aliyekaa Matanga Mpaka Theluji Ikayeyuka

Mzee wa Katumba amefariki. Habari zilinikuta kwa kinyozi, hapa Mpanda mjini, nusu ya kichwa imeshanyolewa na nusu bado, na kinyozi wangu, ambaye hana subira na simu za wateja, akazima mashine kwa kisirani akaniacha nisikilize. Aliyepiga ni mwana mkubwa wa marehemu, mkulima wa tumbaku kulekule Katumba, mtu wa maneno machache tangu nimjue. Alisema baba ametutoka alfajiri, tunazika kesho, akakata. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu mzee huyu kwa kumsikia, maana ndiye yule niliyewahi kuwaambia kwamba anasoma safu hii ili aikosoe tu, na kila akija mjini lazima anitafute anieleze nilipoharibu. Alikuwa mwinjilisti mstaafu, mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi na ubishi. Nilimpenda sana. Leo hayupo, na sina raha hata kidogo ya kuandika haya.

Sitawasimulia maisha yake yote. Nitawasimulia safari moja, ile iliyommaliza. Kanisa lake lilikuwa na urafiki wa miaka mingi na kanisa moja la nchi ya kaskazini kabisa, huko ambako jua la Desemba huchungulia kidogo tu likarudi kulala. Watu wa kule ndio waliotuletea mahubiri na mabati. Sasa makanisa yao yamebaki na vikongwe, na vikongwe wenyewe wamejifungia majumbani kila mmoja peke yake, basi wakaomba na sisi tuwapelekee wamisionari. Vijana hawakuwataka. Walitaka mume na mke, watu wazima, wa kukaa na wazee wenzao. Kura ikawaangukia mzee wangu na mkewe. Katumba nzima ilicheka na kupiga vigelegele: waliokuja hapa wakiwa watoto wa wakimbizi, leo wanakwenda kuwahubiria Wazungu! Mwana mkubwa peke yake hakucheka. Alisema kifua cha mama si kizima na baridi ile si ya mtu wa umri wake. Mzee akamjibu kwamba aliyeitwa na Mungu haulizi hali ya hewa.

Kosa la kwanza walilofanya huko ni la watu wa kwetu tu. Wametumwa kutembelea wazee, nao wakatembelea. Hata wiki haijaisha wakaingia kwenye jengo moja la ghorofa, wakagonga mlango wa bibi mmoja na kupiga hodi. Bibi akachungulia, hakufungua. Sasa kwetu mwenyeji asipofungua unajua yuko shambani, unakaa kibarazani unamsubiri. Wakakaa chini palepale mlangoni, mama akatoa kitambaa chake akawa anafuma, mzee akaanza kuimba pambio polepole ili aliyemo ndani ajue hawa ni watu wema. Polisi walifika kabla pambio halijaisha. Mchungaji wa kule akaitwa, akawaeleza kwa upole kwamba hapa mtu hatembelewi ila kwa miadi, na miadi huwekwa mapema sana. Mzee alipokuwa akinisimulia alicheka mpaka kikohozi kikambana. Alimuuliza yule mchungaji kama na wagonjwa wa nchi hiyo huugua kwa miadi.

Mama ndiye aliyepata dawa. Alinunua maharage dukani, akabeba ungo wake aliotoka nao nyumbani, akaenda kukaa mlangoni mwa lile jengo, pale wapangaji wanapopita kuchukua barua zao. Amevaa makoti mawili, anachambua. Maharage ya kule huuzwa ndani ya paketi, hayana hata kokoto moja, kwa hiyo aliokota vijiwe nje akavichanganya mwenyewe. Jamani, mama yule! Wazee wakipita wanasimama, wanashangaa, wanauliza, mwisho wanavuta viti na kuingiza mikono kwenye ungo. Ukafika wakati yule bibi aliyeita polisi ndiye anayemwekea mama kiti chenye mto. Na mama, kwa maneno machache ya lugha yao aliyoyashika, akawaambia kwamba yeye hatawaacha. Wengi wetu tunasema neno kama hilo tukiagana, tukifika njiani tumeshasahau. Yeye hakusahau.

Kifua kilimshinda katika majira ya baridi ya mwaka wa pili. Waliomtibu walifanya yote waliyoweza, mzee hakuwahi kuwalaumu. Siku moja kabla hajakata roho alimwambia mumewe, "Mnizike hapahapa. Hawa watu niliwaambia siwaachi." Kanisa la kule lilikuwa tayari kumsafirisha arudi nyumbani, lakini mzee akasema mkewe mwenyewe ameshasema. Ndipo akajulishwa jambo ambalo hakuna mtu wa Katavi angelifikiria. Ardhi imeganda. Katika mji ule mdogo, aliyekufa wakati wa baridi huwekwa kwenye chumba nyuma ya kanisa mpaka theluji iyeyuke ndipo azikwe. Kwetu mtu anazikwa kesho yake, na kaburi likigonga mwamba vijana wanaupasua. Na matanga hayaanuliwi maiti ikiwa bado juu ya ardhi, hilo hata mtoto analijua. Basi mzee akashusha godoro kutoka kitandani, akaliweka sakafuni, akakaa. Ndevu hakunyoa. Waumini walikuja siku ya kwanza na maua, wakampa pole, wakarudi makwao. Walipopita tena baada ya wiki kadhaa wakamkuta yuko chini vilevile, wakaogopa, wakamletea daktari wa akili. Mzee akamwambia, "Mke wangu hajazikwa. Nitalalaje kitandani?" Daktari akamwandikia vidonge vya usingizi.

Na huku Katumba mwana alikuwa anapiga simu. Muelewe uchungu wake. Mama yake alikimbia vita akiwa binti mdogo, na katika kukimbia huko bibi yao alifia njiani, wakamwacha kando ya barabara maana hapakuwa na nafasi hata ya kumfukia. Mama aliibeba habari hiyo maisha yake yote. Ukimkuta amekaa kimya baada ya mavuno, anamlilia mama yake. Kwa hiyo kila wiki mwana alipiga, na kila wiki alikuwa na tumaini, kwa sababu mama bado hajaingia ardhini, bado angeweza kurudishwa. Alimwambia baba yake, "Bibi aliachwa njiani, na sasa na mama unamwacha njiani. Wewe ndiye uliyempeleka. Mlete." Mzee akajibu kwamba ni neno la mama. Mwana akasema mgonjwa husema mengi. Wakaenda hivyo majira yote ya baridi, mmoja akisihi, mwingine akikataa, na marehemu katikati yao akisubiri.

Theluji iliyeyuka, wakamzika. Ilikuwa siku ya kazi, watu wakawa kazini. Wale wazee wa maharage, wengine walikuwa wameshafariki, wengine hawawezi kutembea kwenye utelezi, na yule bibi wa kiti chenye mto alikuwa amepelekwa nyumba ya wazee. Waliofika hawakutosha hata kubeba jeneza kwa kupokezana. Kufukia kulikuwa kwa mashine. Mzee akapiga magoti akawa anasukuma udongo kwa viganja, na dereva wa mashine akazima injini akamngoja, akiwa amevua kofia. Kisha mzee akarudi alikokuwa akiishi, akapandisha godoro kitandani, na huko ndiko kukawa kuanua matanga. Hapakuwa na mtu hata wa kumnawisha mikono.

Aliporudi, mwana alimpokea stesheni, akambebea begi, akamsalimia shikamoo. Akamjengea nyumba hatua chache kutoka kwake. Chakula kililetwa kwa wakati, nguo zilifuliwa, dawa za kikohozi zilinunuliwa. Lakini zaidi ya shikamoo, mwana hakumsemesha baba yake tena. Wakwe walijaribu, mchungaji alijaribu, hata mimi nilijaribu nikaambulia ugali na kuku na kuelezwa bei ya tumbaku. Mara ya mwisho mzee alipokuja mjini hakukosoa chochote nilichoandika, nikajua mambo si mazuri. Aliniambia, "Ananitunza vizuri, sina la kulalamika. Ila sijui kama nilimtii mke wangu au nilishindwa tu kubadili neno mbele ya watu." Nilimwambia alimtii. Akanitazama kama mtu anayetazama mwuza dawa za mnadani.

Tumemzika juzi, na maziko yenyewe yalikuwa ya kisasa. Lilikuwapo turubai, viti vya plastiki vya kukodi, spika, na mshereheshaji. Naam, siku hizi msiba una mshereheshaji, anayetuambia lini tusimame na lini tulie. Udongo haujatulia, watu wameshawasha pikipiki, maana tumbaku iko kwenye mabani ya kukaushia na haingoji mtu. Waliobaki mjini walituma rambirambi kwa simu na maneno ya pole yaliyoandikwa na mtu mwingine. Zamani Katumba mlikuwa mnakaa mpaka mfiwa mwenyewe awaambie nendeni. Tunawacheka watu wa kaskazini kwa miadi yao, na sisi tunaelekea hukohuko mbio, tena sisi hatuna hata theluji ya kusingizia.

Siku iliyofuata nilirudi mchana kumjulia hali mwana. Viti vilikuwa vimepakiwa kwenye lori, turubai limekunjwa. Nilimkuta amekaa peke yake kwenye mkeka nje ya nyumba ya baba yake, hajanyoa, chai imepoa pembeni. Mkewe aliniambia amekaa hapo tangu asubuhi, kila akisikia pikipiki anainua kichwa, pikipiki inapita. Nikavua viatu, nikakaa. Halafu akasema, haniangalii, "Baba alikaa hivi miezi. Na mtu pekee aliyekuwa anampigia simu ni mimi, nampigia kumgombeza."

Mimi nalipwa kwa maneno. Ningeweza kusema baba amekusamehe, lakini mzee hakuwahi kuniambia hivyo, na kumsingizia maiti ni dhambi. Kwa hiyo ninyi mnaonisoma, nisikilizeni mara hii moja bila ubishi. Kama kuna mtu wa kwenu mnapeana shikamoo na sahani za chakula tu, na hamsemezani, nenda leo, usiweke miadi, hata kama wewe ndiye mwenye haki. Kununa kunataka watu wawili. Mmoja akifa, aliyebaki hana tena wa kumnunia, wala wa kupatana naye.