Mashua Niliyoifuta kwa Utani

Ko, ko, ko. Nyundo ya fundi niliisikia nikiwa bado kwenye minazi, kabla sijaiona mashua wala mwenye mashua. Ndugu wasomaji, kosa ni langu, na shetani simsingizii.

Mimi ni karani wa kamati ya wavuvi kijijini kwetu, hapa Mafia. Daftari la vyombo liko kwenye kompyuta yangu. Nilipokuwa chuoni nilitunga lugha ya kuandikia programu, ya kuchekeshana tu na wenzangu, nikaiita Ubao. Niliitoa kwenye fumbo la wanafalsafa: chombo kikibadilishwa ubao mmoja mmoja hadi mbao zote za zamani zikaisha, je, ni chombo kilekile? Lugha yangu ilijibu bila haya: sicho. Kitu kikishabadilishwa zaidi ya nusu, inakifuta.

Tulicheka hadi machozi. Halafu mimi, kwa majivuno yangu, nikaandika daftari zima la kijiji kwa Ubao!

Mashua ile ni ya Mzee Makame, baba wa Mwanaisha, mchumba wangu. Posa yangu alishaipokea. Mashua aliirithi kwa marehemu baba yake, na kila mwaka hubadilisha mbao mbili tatu, nami naandika. Siku ile ya nyundo niliandika ubao mmoja tu, nao ukavusha nusu; Ubao ikaifuta mashua bila mimi kujua.

Leseni, zinazofuata daftari langu, zilipotoka mjini Kilindoni, yake haikuwemo. Mbele ya mabaharia wake akaambiwa chombo chake hakipo, nacho kimefungwa palepale wanakiona!

Akaniita kwake. Shikamoo yangu aliitikia, kahawa hakunipa. Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikamweleza fumbo lote, nikicheka peke yangu. Mjinga mimi!

Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama kompyuta yangu inapima na watu. Nikasema, kwa utani, inaweza.

"Haya. Meno haya ya kubandika," akasema. "Macho yote mawili nimetiwa lenzi Dar. Magotini mna chuma. Nusu imefika, au bado?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Basi aliyeipokea posa yako hayupo. Kamtafute."

Nyuma ya pazia Mwanaisha alicheka, nikadhani nimepona. Akatoka, akanisogezea viatu.

Daftari nililirekebisha kesho yake, na leseni ikatoka. Posa hadi leo sijui iko wapi. Nyinyi wenzangu mnaojua kompyuta, nawasihi: mkikosea, anzeni na radhi, maelezo yafuate. Mimi nilianza na maelezo. Nilipokumbuka kusema, "Nisamehe, baba," nilikuwa nimeshavuka kizingiti, na Mwanaisha ameshafunga mlango nyuma yangu.