Sentensi Tatu Zilizofutwa

Mwaija hakukukabidhi kitu bila kukuambia kwanza kazi kisiyoiweza. "Kisu hiki, mfupa hakiwezi." "Mwavuli chukua, lakini upepo wa mtoni utaugeuza." Ofisini walimtania. Siku moja Sabiri, fundi wa kompyuta, alimsogezea kiti akamuuliza, "Na hiki, mama, hakifai nini?"

"Hakifai mvivu," alisema, "na wewe umekikalia tangu asubuhi."

Tabia hiyo aliitoa Handeni, alikouza dawa za mifugo miaka ishirini na miwili. Wafugaji walitembea kutwa kufika dukani kwake, wengi hawakujua kusoma, na kauli iliyokosewa ilirudi ikiwa mzoga. Hakuiachia chupa mpaka mnunuzi arudie kwa mdomo wake mnyama gani apewe na yupi asipewe. Alipofiwa na mumewe, Mhina, alihamia kwa dada yake Kwamndolwa, na mradi mmoja mdogo wa Old Korogwe ukamwajiri.

Mradi ulikuwa na msaidizi wa akili mnemba aliyewajibu wafugaji kwa simu. Msaidizi huyo alikuwa na zana zake: moja ya kukokotoa kipimo cha dawa, nyingine ya kumwita bwana mifugo, nyingine ya kutazama dawa zilizopo dukani. Ndani ya zana haoni. Husoma maelezo yake tu, kisha huchagua. Kuyaandika maelezo hayo ilikuwa kazi ya Mwaija. Kuyaingiza kwenye mfumo ilikuwa ya Rukaya, aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia.

Kwa zana ya kipimo Mwaija aliandika: "Hukokotoa kipimo cha dawa ya minyoo kwa uzito wa ng'ombe, kwa kilo. Usiitumie kwa ndama anayenyonya. Kama umri haukutajwa, uliza. Akiwa ndama, tumia zana ya kumwita bwana mifugo."

"Mama, maneno mengi," Rukaya alilalamika. "Nani asiyejua kwamba ndama hapewi dawa ya wakubwa?"

"Mtu anajua. Huyu wenu amekulia zizi gani hata ajue?"

Rukaya alicheka. Mwaija alipokwenda kuswali alasiri, Rukaya alibakiza sentensi ya kwanza, akazifuta tatu zilizofuata. Maelezo yakaonekana safi. Hakumwambia.

Masika yale Tiampati, mfugaji wa upande wa Handeni, alituma ujumbe wa sauti: ndama wamevimba matumbo, ni minyoo, afanyeje? Msaidizi alisoma maelezo, akaona zana inafaa, akauliza uzito, akatoa kipimo. Kesho yake ndama kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Aliyewatunza ndama hao alikuwa Naishorua, mke wa Tiampati. Ng'ombe wa kule hashushi maziwa pasipo ndama wake, kwa hiyo na vibuyu vya maziwa ya watoto vilikauka.

Semboja, mkuu wa mradi, aliwakusanya, akaweka karatasi mezani. "Maelezo haya ameandika nani?"

Chini palikuwa na jina la Mwaija. Aliyasoma taratibu, akainua macho, akamtazama Rukaya. Feni ilizunguka. Rukaya alichezea kifuniko cha kalamu.

"Jina ni langu," Mwaija alisema.

Aliachishwa kazi Ijumaa. Jumamosi alikwenda mwenyewe bomani kwa Tiampati, akashinda na Naishorua mpaka jua likapinda. Waliyozungumza hakuyasimulia.

Rukaya alizirudisha zile sentensi neno kwa neno, asimwambie mtu. Zikapita wiki mbili. Hatimaye alikwenda Kwamndolwa, akamkuta Mwaija uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama. Nilizifuta mimi."

"Marahaba. Najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuachia nafasi useme wewe. Ilikuwa kubwa, mwanangu. Hata mkokoteni ungepita."

Rukaya alipiga magoti kwenye maganda, akalia, akaomba msamaha. Mwaija alimwacha alie. Kisha akajifunga kanga vizuri, akainuka kwenda kutia udhu. Hawakuonana tena; mvua za vuli zilimkuta Mwaija kaburini. Neno lake la mwisho kwa Rukaya alilisemea mlangoni siku ile, bila ukali:

"Usiniombe mimi radhi. Mimi sikuwa na ndama."